Mnunuzi Haingii Kibanjani na Panga

Ninyi vijana mnaonunua ndizi kwa pikipiki, kaeni chini niwaambie jambo, na msitegemee niliseme kwa upole. Upole niliumaliza Jumamosi moja mwezi uliopita. Jina langu Leokadia, wa hapa Igurwa. Nimenunua ndizi vibanjani tangu sijaolewa mpaka magoti yalipokataa vilima. Nimezunguka hapa kwetu, nimekwenda Nyakahanga, nimevuka mpaka vijiji vya Rubwera kabla Rubwera haijajua kama itakuwa na ofisi za wilaya. Wauguzi wa hospitali ya Nyakahanga waliokula matoke yangu sasa ni wastaafu kama mimi, wengine wana vijukuu.

Jumamosi hiyo mjukuu wangu Advera, mtoto wa binti yangu, aliingia kwenye kibanja cha jirani yangu Kemilembe, akakata mkungu wa ndizi kwa panga lake. Kemilembe hakuwepo, alikuwa mazoezini kwenye kwaya. Bei walikuwa wamekwisha kukubaliana kwa simu, kwa hiyo msidhani namshitaki mjukuu wangu kwa wizi. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua maharage. Nikamwona anatoka na mkungu begani, anatabasamu, na panga amelichomeka kwenye kiti cha pikipiki. Nikalitazama lile panga. Lilikuwa na utomvu uliokauka juu, na chini yake utomvu mwingine mbichi.

Wale wenye migomba kwao wamekwisha kunielewa. Wengine nitawaeleza, lakini lazima nirudi nyuma kidogo, maana hasira yangu ni ya zamani kuliko Advera.

Biashara hii nilifundishwa na mtu mmoja tuliyemwita Ta Byarugaba. Kwetu mwanamume wa heshima unamwita Ta na mwanamke Ma, hata kama hajazaa. Ta Byarugaba alikuwa mfupi, mkali, na alipenda kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, akiwa amesimama, eti akikaa rubisi inamwingia miguuni. Alinichukua nimbebee mikungu kichwani kutoka vibanjani mpaka barabarani. Nilipoanza tu, siku ya kwanza, nilikuja na muhoro wa baba, kile kisu chetu kilichopinda cha kukatia migomba. Nilitaka aone kwamba mimi si mvivu. Akaniuliza unakwenda wapi na hicho. Nikamwambia nakwenda kukata ndizi.

"Ndizi za nani?"

"Tulizonunua, Ta."

"Hujanunua kibanja. Rudisha kisu kwa baba yako."

Hakunieleza zaidi. Kwake ilikuwa adabu tu. Kibanja chetu si shamba la kwenda na kurudi, ni ua wa nyumba. Kahawa iko pale, maharage yako pale, babu amelala pale chini ya migomba, na mtoto mchanga aliyefariki kabla ya kupewa jina naye yuko pale. Mtu haingii mahali kama hapo ameshika chuma. Anasimama njiani, anapiga hodi, mwenye kibanja anatoka na kisu chake, anakata mwenyewe, wewe unapokea. Kama hayupo, unakwenda kwa jirani na kurudi baadaye. Wanunuzi wengine walikuwa wakituita wazee wa kusubiri. Ta Byarugaba aliwajibu kwamba mtu anayesubiri hukaribishwa chakula, na kweli, sijawahi kula vizuri kama miaka ile.

Nikawa najifunza huku nasubiri. Nilijifunza kutazama ndizi kabla haijakatwa: kama kona zake bado zimechongoka, hiyo ni changa, itapikwa iwe ngumu na mteja atakutukana wewe, hatautukana mgomba. Kona zikijaa na kile kiua kikavu cha kwenye ncha kikidondoka ukikigusa, hapo imekomaa. Nilijifunza kwamba mgomba haukatwi kwa pigo moja. Unachanja katikati ya shina, mgomba unajiinamisha wenyewe, mkungu unashuka mikononi kama mtoto anayeshushwa kitandani. Ukiudondosha, leo hutaona kitu. Alama itaonekana Mwanza, ndizi imekuwa nyeusi ndani, na mwenye gari atakupigia simu akikuita majina ambayo siwezi kuyaandika.

Nawasikia ninyi mnasema mtaji, mtaji. Kila kijana akija kwangu analia mtaji. Mimi mtaji wangu wa kwanza ulikuwa kwamba nikipiga hodi kwenye njia ya kibanja, mama wa watu anasema karibu Leokadia. Basi. Mwingine akipiga hodi pale pale anaambiwa ndizi zimekwisha, na mikungu inaonekana. Na mteja? Mnadhani mteja ni yule wa sokoni tu. Mteja wa sokoni akikukasirikia leo, kesho yupo mwingine. Yule anayekuuzia akikufungia njia, utauza nini, majani?

Sasa ngoja niwape habari za Projestus. Hilo si jina lake, namficha kwa sababu watoto wake hawana kosa. Tulianza kazi miaka karibu sawa. Alikuwa na maneno, alikuwa na mwendo, na alikuwa na panga refu lililonolewa pande zote mbili. Yeye hakusubiri mtu. Alilipa mapema, akaja na vijana wake, akakata, akapakia, akahamia kibanja cha pili na cha tatu kwa panga lile lile, na mimi na Ta Byarugaba bado tuko kwenye kibanja cha kwanza tunakula maharage. Wenye magari walimpenda sana.

Halafu ukaja mnyauko. Wazee wanaujua, watoto wameusikia tu. Majani yanageuka manjano na kulala kama mgomba umemwagiwa maji ya moto. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, nusu mkungu manjano, nusu kijani, na ukikata ndani ni kahawia, hata ng'ombe hataki. Shina ukilikata linatoa usaha wa njano. Ugonjwa huu hauna dawa ya kunyunyiza. Unaishi ndani ya utomvu, na utomvu unapanda juu ya kisu. Kisu kikikata mgomba mgonjwa halafu kikakata mzima, ndiyo hivyo, umekwisha kuupanda ugonjwa kwa mkono wako. Na mgomba hauonyeshi siku hiyo. Unakaa majuma, wakati mwingine miezi, unapendeza tu, na aliyeukata amekwisha kusahau kama aliwahi kupita.

Lakini wakati ule sisi hatukujua hivyo. Tulichokiona ni kwamba kibanja cha kwanza kunyauka hapa kijijini kilikuwa cha Kemilembe.

Kemilembe alikuwa mke kijana, mumewe alikuwa amefariki muda mfupi tu, kaburi lilikuwa bado halijaota majani. Mumewe akiumwa, waliuza mikungu mingi kwa Projestus kwa sababu alilipa mapema na wao walihitaji dawa. Basi migomba ilipoanza kulala, wakwe zake walikaa kikao. Hawakuuliza nani alikata. Walisema mwanamke ana mkosi, amemmaliza mume na sasa anamaliza kibanja. Baba mkwe alisema maneno hayo mbele yangu, akiwa na kikombe cha chai mkononi. Wakamfungashia nguo zake na watoto wawili, wakampakia kwenye gari la mizigo kwenda kwao huko Kyerwa. Alishika mgomba mmoja karibu na kaburi la mumewe, akakataa kuuachia, wakambandua vidole kimoja kimoja.

Mimi nilisimama pale. Nilisema, nilipiga kelele, nikaambiwa mambo ya ukoo hayamhusu mchuuzi wa ndizi. Mpaka leo nikimwona mtu anakunywa chai huku anahukumu mwingine, nataka kumpokonya kikombe.

Baada ya hapo mnyauko ukaenda kwa jirani, ukaenda kwa baba mkwe mwenyewe, ukavuka kilima. Bwana shamba alipokuja kutueleza habari ya visu, alituuliza nani amekata wapi, na kila aliyejibu alitaja jina moja. Njia ya ugonjwa ilikuwa njia ya Projestus. Vibanja ambavyo tuliingia mimi na Ta Byarugaba tu, vile vya wazee wa kusubiri, vingi vilibaki vya kijani. Hatukuwa na akili kuliko wengine, msidanganyike. Tulikuwa na adabu tuliyofundishwa bila sababu, na sababu ikaja kuitafuta adabu miaka mingi baadaye.

Nikamfuata Projestus. Nilimkuta sokoni Kayanga anapakia. Nikamwambia pitisha panga lako motoni, kila ukitoka kibanja kimoja, mpaka chuma kiwe moto huwezi kukishika. Au acha wenyewe wakate. Akanicheka.

"Ma Leokadia, biashara ni mwendo. Gari halinisubiri mpaka mama wa watu arudi kanisani. Na mkono mtupu haulambwi, Ma, unajua hilo."

"Na Kemilembe?"

"Kemilembe nilimlipa."

Hakuna aliyemshitaki. Angeshitakiwa kwa lipi, kukata ndizi alizozinunua? Ndizi zilipokwisha upande wetu alihamia kwenye maharage, akanunua gari, akajenga nyumba ya bati la rangi. Faida yake aliibeba yeye, hasara akawaachia watu, na watu wakampa mwanamke mmoja aibebe. Hiyo nayo inaitwa biashara. Nimeishi nayo miaka yote hii.

Kemilembe alirudishwa. Ugonjwa ulipofika kwa baba mkwe ikabidi mkosi utafutiwe mwenyewe mwingine, na bwana shamba alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba ni panga. Wakatuma watu Kyerwa na kibuyu cha rubisi. Samahani haikuwemo kwenye kibuyu. Alirudi kwa sababu ya kaburi, aliniambia hivyo, si kwa sababu yao. Aling'oa visiki, akapanda mahindi na maharage misimu kadhaa ili ardhi isahau, halafu akatafuta miche safi, akaanza upya. Mwanamke peke yake. Ua la mgomba alilivunja kwa kijiti chenye panda, hakulikata, kama bwana shamba alivyofundisha. Muhoro wake haukutoka kibanjani na wa mtu mwingine haukuingia. Leo kile kibanja ndicho kinachosomesha watoto wake wote wawili, na ukipita pale saa za asubuhi unaona kivuli kizito cha migomba mpaka unajisikia baridi.

Sasa mnajua Advera alikata wapi.

Na msiniambie hakujua. Tulikwenda naye semina ya vijana wajasiriamali, kule Rubwera. Mimi nilikuwa nimestaafu, nilikwenda kwa sababu aliniambia chakula cha mchana kina nyama. Mwalimu alikuwa binti mdogo, mpole, na nataka niseme wazi kwamba alifundisha vizuri. Aliuliza bidhaa ni nini. Vijana wakajibu ni kitu unachouza. Akasema hapana, hiyo ni nusu. Bidhaa ni kile kitu pamoja na njia yote kiliyopita mpaka kumfikia mtu: kililimwa na nani, kilikatwaje, kilibebwaje, na huko kilikotoka kimeacha nini. Akasema mjasiriamali huona tatizo la mtu akalipunguza, na kama ukipata faida kwa kumwongezea mtu tatizo, hiyo itafutieni jina jingine. Nilitaka kupiga makofi peke yangu. Advera aliyaandika yote, ana mwandiko mzuri mtoto yule.

Halafu wakamkaribisha mjasiriamali wa mfano, aje awape vijana moyo. Akaingia Projestus.

Amenenepa. Alikuwa na koti. Akawaambia vijana kwamba siri ya mafanikio ni mwendo, kwamba fursa haipigi hodi mara mbili, kwamba yeye alianza na panga moja tu. Ukumbi mzima ukapiga makofi kuliko walivyompigia yule binti. Nikanyoosha mkono. Nikauliza, "Hilo panga moja, uliwahi kulipitisha motoni?"

Akanitambua. Akacheka kidogo, akasema kwa Kinyambo cha heshima, "Waitu, Ma, hayo ni mambo ya bwana shamba. Leo tunazungumza biashara."

Watu wakacheka. Advera naye alicheka. Akanivuta kitenge akaninong'oneza, "Bibi, kaa." Nikakaa. Ile nyama sikuila, na mnaonijua mnaelewa maana yake.

Kwa hiyo ile Jumamosi, Advera alipotoka kwa Kemilembe na mkungu begani, nilisimama hata maharage yakamwagika.

"Shikamoo, bibi."

Sikuitika. "Umetoka kukata wapi?"

"Kwa Kemilembe, si unaniona."

"Kabla ya hapo."

"Nyakahanga."

"Umelipitisha motoni?"

Akasema, "Bibi, Fuso ilikuwa inaondoka."

Maneno yale yale. Gari halisubiri. Mtoto niliyembeba mgongoni kwenye njia za vibanja, nikimwonyesha tunaposimama na tunapopiga hodi, ananijibu kwa mdomo wa Projestus. Nilimwambia maneno makali, mengine ya Kinyambo kwa sababu Kiswahili kilinipungukia. Nikalichukua panga nikalitia motoni chini ya sufuria, nikalishikilia pale mpaka mpini ukaanza kutoa moshi. Nilijua ni kazi bure. Jikoni kwangu hapakuwa na mgomba, na wa Kemilembe ulikuwa umekwisha kukatwa.

Kemilembe alirudi akatukuta tumesimama. Akaona kisiki kibichi. Nilitaka apige kelele, ningejisikia nafuu. Hakupiga. Alimuuliza Advera swali lile lile nililouliza mimi, umetoka kukata wapi, na alipojibiwa alikwenda nyuma ya nyumba akaleta jembe.

"Chimba," alisema. "Shina lote, na machipukizi yake. Usibakize mzizi."

Advera alichimba. Shina lile lilikuwa hatua chache tu kutoka kaburini, na machipukizi yake matatu yalikuwa ndizi za mwaka unaofuata. Yote yalitoka. Tukachimba shimo refu pembeni tukayafukia, na jembe nalo tukalipitisha motoni. Hivyo ndivyo unavyofanya. Wakati mwingine inasaidia, kama utomvu haujafika mbali. Wakati mwingine umechelewa. Mkungu wenyewe haukwenda popote, ulioza pale nyumbani kwangu kwa sababu hakuna aliyetaka kuugusa.

Jumatatu Advera alikwenda Nyakahanga kukitazama kile kibanja cha mwanzo. Aliporudi hakula. Jioni ndiyo akasema, "Kuna mgomba mmoja, bibi. Majani yamelala."

Hapo hasira yangu haikwisha, ila ilipata mahali pa kukaa. Yeye amewarudia wale wa Nyakahanga mwenyewe na kuwaonyesha cha kufanya. Amewapigia wenzake wa kikundi, wenye mapanga kama lake, wengine wamemsikiliza na wengine wamemwambia hayo ni mambo ya bwana shamba. Ni ninyi hao. Ndiyo maana nawaandikia. Mkiona mzee anagomba msidhani ana wivu na pikipiki zenu. Nunueni pikipiki, nunueni hata ndege, lakini panga liacheni kwenu. Na yule atakayesimama mbele yenu amevaa koti akiwaambia mwendo, mwulizeni alikopita pamebaki nini. Akicheka, msicheke naye.

Kila asubuhi nakwenda kwa Kemilembe, polepole na fimbo yangu, tunatazama majani. Mpaka leo ninapoandika ni ya kijani. Sitasema zaidi ya hapo, mnyauko unajua kunyamaza. Kemilembe hatazami juu tu kama mimi, anashika kila shina kwa kiganja, kama mtu anayempima mtoto homa.

Advera alimwomba kama anaweza kuendelea kununua kwake. Nilidhani atamfukuza, na angekuwa na haki. Kemilembe akasema, "Njoo. Mikono mitupu. Ukae hapo njiani mpaka nikuite."

Jana Kemilembe alikuwa na wageni, akachelewa. Tulisikia honi ya Fuso kule barabarani, ikalia, ikalia tena, halafu ikaondoka. Nilichungulia mlangoni. Advera alikuwa bado amesimama pale njiani, anasubiri kuitwa.